Kila nikiacha krimu chunusi zinarudi, nifanyeje?

Swali limetoka kwa dada wa miaka 24 wa Dar, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo dokta. Nina chunusi tangu kidato cha nne. Mwezi wa tano nilinunua krimu ya kuchanganya kwenye duka la vipodozi, kikopo cheupe hakina hata jina, siku ya tano tu uso ukawa laini kama wa mtoto. Sasa hivi nikikosa kupaka siku mbili uso unawaka moto, unawasha, na vipele vidogo vinajaa mashavuni na kidevuni kuliko hata zamani, alafu madoa meusi hayatoki. Shangazi anasema ni damu chafu ninywe dawa ya kusafisha, famasi wananiambia nichome sindano. Dada yangu anaolewa mwezi wa kumi na mbili. Nitumie krimu gani imalize kabisa?"

Marahaba mdogo wangu. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, na kabla sijakutajia dawa yoyote naomba nikuambie jambo moja ambalo ukilishika mengine yote yatakuwa mepesi. Wewe hapo usoni una shida mbili, sio moja. Kuna chunusi zako za kawaida, zile za tangu shule, hizo zinatibika na wala sio ngumu. Na kuna shida nyingine imeletwa na kikopo, na hiyo ndo inayokuchoma na kukuwasha sasa hivi. Ukiendelea kutafuta krimu ya kumaliza chunusi wakati kikopo bado kiko mezani utazunguka mwaka mzima.

Cha kwako sijakiona, lakini vya namna hiyo naletewa kliniki kila mara. Krimu nzito rangi ya samli, inanukia vizuri, juu ya mfuniko mtu kaandika kwa makapeni "usiku" basi, hakuna tarehe, hakuna kiwanda. Ndani yake mara nyingi kuna stiroidi kali, yaani dawa za kuzima uvimbe kama klobetasoli au betametasoni, saa zingine na hidrokwinoni ya kung'arisha ngozi, saa zingine hata zebaki. Na kilichonifanya nishtuke kwenye maelezo yako ni hizo siku tano. Hakuna dawa ya kweli ya chunusi inayosafisha uso kwa siku tano, haipo, hata zile kali kabisa za hospitali. Stiroidi ndo inafanya hivyo, kwa sababu inabana mishipa midogo ya damu na kuzima uvimbe, kipele kinalala, ngozi inang'aa, unajiangalia kwenye kioo unasema hatimaye nimepona. Kumbe kipele kimenyamazishwa tu, na huku chini ngozi inazidi kuwa nyembamba, kinga yake inashuka, bakteria na fangasi wa kwenye ngozi wanapata nafasi. Ukiacha kupaka, mishipa iliyokuwa imebanwa inafunguka yote kwa pamoja na uso unawaka. Unarudi kupaka, moto unazima, unaamini zaidi kuwa krimu ndo dawa. Nimewaona wasichana wamekaa ndani ya mzunguko huo miaka minne.

Fanya hivi kesho asubuhi, kaa karibu na dirisha na kioo kidogo, usiwe umepaka chochote. Chunusi ya kawaida ina mchanganyiko, utaona vichwa vyeusi puani, vya rangi ya ngozi vimefungwa, vingine vimevimba vina usaha, kila kimoja na umri wake. Chunusi ya stiroidi vipele vinafanana, saizi moja, kama vimezaliwa siku moja, na vichwa vyeusi ni vichache au hamna. Angalia pia pembeni ya mdomo na chini ya pua kama kuna vipele vidogo vidogo vimezunguka alafu pale mdomo unapoanzia pameachwa mstari safi. Na kama vingi viko kwenye paji la uso, kifuani na mgongoni na vinawasha sana, inaweza kuwa fangasi wa kwenye vinyweleo, maana hao wanapenda joto na jasho la Dar na wanapenda stiroidi zaidi, na dawa yao ni tofauti kabisa. Nasema hivi sio ujitibu mwenyewe bali ukienda kwa daktari uweze kumweleza vizuri.

Sasa kuacha. Kama ulikuwa unapaka usoni tu, kiasi kidogo, tangu mwezi wa tano, krimu inaachwa. Nitakuambia ukweli, wiki ya kwanza mpaka ya tatu utakuwa na hali mbaya kuliko sasa, uso utakuwa na joto, utabana, utachubuka, na vipele vitatoka. Hiyo ndo sehemu ambayo karibu kila mtu anashindwa kwa sababu hakuna aliyemwandaa, anaona amekosea kuacha. Hujakosea. Kwa wengine inachukua wiki kadhaa, kwa waliotumia muda mrefu ni miezi. Daktari anaweza kuamua kukushusha taratibu kwa stiroidi dhaifu ya siku chache badala ya kukata ghafla, na anaweza kukupa vidonge vya antibaiotiki vya kutuliza uvimbe, doksisaiklini ndo tunayoitumia sana, nitaieleza mbele. Kipindi hicho usiweke dawa ya chunusi yoyote usoni, usiweke limau, usiweke manjano, usiweke chochote chenye kuchoma. Maji ya kawaida, sabuni laini ya maji isiyo na manukato mara mbili kwa siku, na losheni nyepesi isiyo na harufu. Kitambaa cha maji baridi kikikaa dakika kumi kinasaidia kweli pale usiku uso unapowaka.

Ila kama ulikuwa unapaka mwili mzima, niandikie au nenda hospitali kabla ya kuacha. Stiroidi kali ikipakwa sehemu kubwa ya mwili kwa miezi inaingia kwenye damu, na mwili unapunguza kutengeneza ya kwake. Mtu akikata ghafla anaweza kulegea, kupata kizunguzungu, kutapika, presha kushuka. Hilo sio la kusubiri. Na zebaki nayo ina habari yake, inaharibu figo na kwa mama mjamzito inamfikia mtoto, ndo maana Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, wa mwaka 2013 ulitaka vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu moja kwa milioni viwe vimeondoka sokoni ifikapo 2020. Kikopo kisicho na lebo hakijui mkataba.

Tuje kwenye damu chafu. Shangazi anakupenda na sitaki mgombane, lakini damu yako ni safi. Chunusi inaanzia kwenye kitundu cha nywele. Kila kitundu usoni kina tezi ya mafuta pembeni yake, na homoni za kiume, ambazo wanawake pia tunazo, zinaiamuru tezi itoe mafuta. Wakati huo huo seli za ngozi zilizokufa ndani ya kitundu badala ya kumwagika nje zinagandana na yale mafuta, zinakuwa kizibo. Ule weusi unaouona kwenye kichwa cheusi sio uchafu, ni rangi ya ngozi yenyewe iliyokutana na hewa, kwa hiyo hata usugue na dodoki mpaka utoke damu hautoki. Nyuma ya kizibo kuna bakteria ambao kila mtu anao, hata mwenye uso kama kioo, wakijifungia mule wanaongezeka, mwili unakuja kupigana nao, panavimba, panaleta usaha. Na kutoka kizibo kile kidogo kisichoonekana mpaka kipele unachokiona zinapita kama wiki nane. Shika hiyo namba. Vipele utakavyoviona mwezi ujao tayari viko chini ya ngozi leo hii, na ndo sababu dawa za kweli tunazihesabia wiki 8 mpaka 12, na ndo sababu pia ya kupaka uso mzima, sio kupaka kipele kimoja kimoja kama watu wengi wanavyofanya.

Kwa hiyo dawa ya kusafisha damu haina cha kusafisha, nyingi ni za kukuharisha tu. Sindano za antibaiotiki nazo hapana. Na ile tabia ya kufungua kapsuli ya rangi mbili na kumwaga unga kwenye chunusi naomba kabisa iishe, haiponyi kitu na inawafundisha bakteria kuizoea dawa. Ya ukiolewa zitaisha, ukizaa zitaisha, hayo nimeyasikia sana na nimetibu mama wa watoto watatu akiwa na chunusi zake.

Ngozi ikishatulia, yaani haiwaki, haichubuki, hapo ndo tunaanza na chunusi zenyewe. Kwa usiku ninachokipenda ni adapalini ya asilimia 0.1. Hii inafungua vizibo na kuzuia vipya, ndo kazi ya msingi kabisa. Watu wengi wanaiacha kwa sababu wanaitumia vibaya kwa hiyo nisikilize vizuri hapa. Osha uso, subiri ukauke kabisa, kama dakika ishirini. Kamua dawa kiasi cha punje moja ya njegere, hiyo moja ni ya uso mzima, weka vinukta vitano, pajini, shavu hili, shavu lile, puani, kidevuni, alafu sambaza. Epuka macho, pembe za pua na pembe za mdomo. Wiki mbili za mwanzo paka usiku mmoja uache miwili. Ukiona ngozi inavumilia, usiku mmoja kupaka usiku mmoja kupumzika, ndo baadae kila usiku. Losheni juu yake, au hata chini yake kama ngozi yako ni nyepesi kuchubuka. Wiki za mwanzo unaweza kuona vipele vimeongezeka kidogo, vinapita.

Asubuhi, benzoili peroksaidi. Chukua ya asilimia 2.5, ukikosa chukua ya 5, usikimbilie ya 10 ukidhani ni kali basi itafanya haraka, ya 2.5 inakaribia kufanya kazi ile ile na haichomi sana kama hiyo. Inaua bakteria na hawaizoei, hilo ndo zuri lake. Ubaya wake inakula rangi ya nguo. Mgonjwa wangu mmoja alikuja analalamika foronya zake za bluu zimepata mawingu meupe pande zote mbili, alishabadilisha sabuni ya kufulia mara mbili, kumbe ni shavu la kulia na shavu la kushoto. Tumia foronya nyeupe na usipake kabla ya kuvaa kanga unayoipenda.

Kama vipele ni vingi vina usaha tunaongeza doksisaiklini ya kumeza kwa muda, sio zaidi ya miezi mitatu, na siku zote pamoja na hizo za kupaka, kamwe sio peke yake. Inamezwa na glasi nzima ya maji ukiwa umekaa au umesimama, usilale kwa nusu saa maana ikikwama kooni inachoma vibaya, usiimeze pamoja na maziwa au vidonge vya kuongeza damu, na jua litakuunguza kirahisi ukiwa unaitumia. Ukiwa na mimba, au unategemea kushika mimba, doksisaiklini na adapalini zote hapana. Hapo kuna asidi ya azelaiki, ya asilimia 15 au 20, hiyo ni salama kwa mjamzito na ina faida nyingine nzuri kwa ngozi zetu nyeusi, inafifisha na madoa. Kwako wewe mwenye madoa ningeifikiria hata kama huna mimba.

Maswali mawili hujaniambia majibu yake na ni muhimu. Je umeweka kijiti au unachoma sindano ya uzazi wa mpango? Kwa baadhi ya wanawake hizo zinaongeza chunusi, wakati vidonge vyenye homoni mbili mara nyingi vinazipunguza. Usikimbilie kutoa kijiti, nenda kaongee na nesi kwanza, mimba usiyoitaka ni kubwa kuliko chunusi. La pili, hedhi yako inakuja kwa mpangilio? Kama inaruka miezi, na una vinywele vya ndevu kidevuni, na chunusi zimekaa sana kwenye taya na kidevu, unahitaji kipimo cha ultrasaundi na homoni, maana hapo ovari zinahusika na krimu peke yake itakuwa inakausha maji wakati bomba liko wazi. Na kwa wengine wanaosoma hapa, dawa za TB pia zinaweza kutoa vipele kama chunusi, usiziache hata siku moja kwa sababu hiyo, mwambie anayekupa dawa.

Nywele. Ukisuka rasta na kupaka mafuta ya nazi au ya mgando kila siku kwenye mistari, yanashuka pajini na jasho. Mwaka 1970 madaktari wa ngozi Marekani walishaandika kuhusu chunusi za namna hii kwa watu weusi wanaopaka pomedi, yaani mafuta mazito ya nywele, vipele vinajipanga karibu na mstari wa nywele. Paka mafuta katikati ya nywele sio kwenye ngozi ya pembeni, na kitambaa cha kulalia kifue kila baada ya siku chache.

Chakula nitapita haraka. Karanga na mafuta ya kupikia havijathibitika kuwa chanzo. Sukari nyingi na wanga mweupe kwa wingi, soda, juisi za kununua, chipsi, kwa baadhi ya watu vinachochea, na maziwa pia kwa baadhi. Ukipunguza soda hupotezi kitu, ila usijinyime maharage na samaki kwa sababu ya uso.

Madoa sasa, maana najua ndo yanakuuma kuliko vipele vyenyewe. Doa jeusi tambarare sio kovu. Ni rangi iliyomwagika chini ya ngozi pale palipovimba, na ngozi yetu ina rangi nyingi ya kumwaga. Yanafifia yenyewe kwa miezi, mengine yanavuka mwaka, ila kwa masharti mawili: vipele vipya viache kutoka, na jua lisiyachochee. Kila ukitumbua chunusi moja unajiandikia doa la miezi sita. Naelewa mkono unavyokwenda wenyewe, hasa usiku ukiwa kwenye simu, basi kata kucha na ukiona kimoja kimeiva bandika plasta ndogo juu yake ulale nayo. Sanskrini, yaani krimu ya kukinga jua, ya SPF 30 kwenda juu kila asubuhi, na yenye rangi ya ngozi ni bora zaidi kwa madoa maana inazuia na mwanga unaoonekana. Limau ndo hapana kabisa, ukipaka limau ukatoka juani unaungua na unapata doa jeusi kuliko la mwanzo. Liwa ya watu wa pwani haina shida, inatuliza, ila usiitegemee kama tiba. Kama kuna mashimo au makovu yaliyovimba kwenye taya hayo ni mambo mengine, tunayashughulikia chunusi zikishakauka, sio kabla.

Kuna dawa moja utaisikia kwa marafiki, isotretinoini, vidonge. Ni dawa ya kweli na nzuri mno, ilipitishwa Marekani mwaka 1982, na inamaliza chunusi mbaya zilizoshindikana. Lakini inalemaza mtoto tumboni, hata dozi ya muda mfupi, kwa hiyo mwanamke anapimwa mimba kabla, anatumia uzazi wa mpango wa uhakika kuanzia mwezi mmoja kabla mpaka mwezi mmoja baada ya kumaliza, na anapimwa ini na mafuta ya damu. Ukiona mtu anaiuza kwa oda ya simu bila kukupima kitu, mkimbie. Wewe kwa unavyoeleza hujafika huko.

Harusi ya dada. Hesabu nyuma kuanzia siku ya harusi, ukipata wiki kumi na mbili kamili anza leo kwa kuacha kikopo na utakuwa umependeza. Ukipata chini ya hapo anza vile vile, ila jua picha haitakuwa kamili na mekapu utapaka, mekapu sio dhambi, chagua isiyoziba vitundu na uioshe usiku huo huo hata ukirudi saa tisa umechoka. Usifanye feshoo ya saluni, usijaribu kitu kipya wiki mbili kabla. Na nakusihi sana, usirudi kwenye kikopo kwa ajili ya siku moja, najua kishawishi kitakuja, pengine wiki ile ile ya harusi, na kwenye picha utang'aa kweli alafu Januari tutaanza upya tukiwa na ngozi nyembamba zaidi.

Kumpata mtu wa kukuangalia, uko Dar kwa hiyo Muhimbili kuna kliniki ya ngozi, na kwa wa mikoani ulizeni hospitali ya mkoa, Moshi pale hospitali ya KCMC kumekuwa na kituo cha kufundisha wataalamu wa ngozi tangu mwaka 1992 na waliosomea hapo wamesambaa hospitali nyingi. Nenda mapema zaidi kama macho yanaathirika, kama kuna majipu makubwa yenye maumivu, au kama umefika mahali hutoki nyumbani, hujipigi picha, hulali kwa kuwaza uso. Hilo la mwisho nalo ni sababu ya kutosha kumuona daktari na umwambie hivyo hivyo kwa maneno hayo, usione aibu.

Kikopo usikitupe. Kifunge vizuri, kiweke kwenye mfuko wa plastiki mbali na watoto, na siku ukija kliniki njoo nacho.